Hata Tone

Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili, Nasra alibana pumzi. Gari lilikuwa jipya, bado lina garantii, lakini lilikuwa likila oili kupita kiasi. Gereji ya kampuni iliyomuuzia ilimpa sharti moja tu: aliendeshe bila kuongeza hata tone, kisha alirudishe leo wapime. Oili ikipungua mno, atawekewa injini nyingine. Akiongeza, garantii imekufa.

Fundi alikipangusa kijiti, akakichovya tena, akakitoa. Oili ilifika juu kabisa.

"Dada, mbona imejaa?"

Nasra alisogea ajionee mwenyewe. Asubuhi hiyohiyo gari lilikuwa limefuka moshi wa bluu njia nzima. Bila injini nyingine, siku moja lingemzimikia mlimani, watoto wakiwa nyuma.

Fundi aliinamia kifuniko cha oili. Rangi nyekundu ambayo gereji ilikuwa imekizibia ili kisifunguliwe ilikuwa imepasuka.

"Nani kafungua hapa?"

"Sijui," Nasra akajibu, na hakuwa akidanganya.

Ndipo yakamrudia maneno aliyoyasema baba yake, dereva mstaafu wa malori, asubuhi alipopanda garini kumsindikiza: "Usiogope, mwanangu. Leo halitakuaibisha kwa fundi."

Aligeuka. Mzee alikuwa kwenye benchi, anatabasamu kama mtu aliyetenda jambo la heri. Fundi naye akageuka. Kwenye mkono wa kanzu nyeupe ya mzee kulikuwa na doa jeusi, bado bichi, na mzee alikuwa akiunyanyua mkono huohuo kumsalimu fundi.