Kipimo cha Koti la Harusi

Mwanapili aliunyoosha utepe juu ya meza ya kukatia, akasita. Bibi harusi alikuwa kawekwa ndani, hatoki, kwa hiyo shangazi yake ndiye aliyeleta kipimo cha koti la lesi la kufunika mabega ya gauni.

"Mrefu huu, shoga," Mwanapili alitania. "Koti la harusi au la mvua?"

Shangazi akacheka. "We shona tu. Harusi kesho."

Utepe ulikuwa wa bafta nyeupe, umechanwa kwa mkono. Mwanapili aliupitisha vidoleni taratibu. Hapakuwa na alama ya bega wala ya mkono. Palikuwa na mafundo matatu tu, la utosini, la kiunoni na la miguuni, na shubiri moja ya ziada kila upande, ya kufungia.

Miaka ishirini alikuwa akiosha maiti wa kike hapa Mtambile. Hivi ndivyo alivyowapimia sanda.

"Nani kampima mwari?"

"Kajipima mwenyewe. Sasa kajifungia chumbani, kalala. Kasema asiamshwe mpaka koti liwe tayari."

Mkasi ulianguka. Mwanapili alikwisha kutoka, miguu mitupu, utepe ungali mkononi.