Tope la Jezi Namba Nne

Mimi ndiye ninayefua jezi za timu aliyoichezea baba. Kila baada ya mechi huniuliza, "Zimerudi na tope?"

"Zimerudi zinanukia manukato, baba."

"Wanacheza au wanaenda harusini?"

Jana daktari alituambia tumrudishe tu nyumbani. Nikachukua jezi namba nne, iliyokuwa namba yake, nikaipaka tope la bombani kifuani, nikampelekea kitandani.

"Leo wamepambana, baba."

Aliinusa. Akaipapasa sana kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Mwanangu, beki hachafuki kifuani. Huchafuka ubavuni, akiteleza."

Nikainamisha kichwa.

Akaivuta jezi hadi ubavuni mwake, penye kovu la enzi zake uwanjani, akafumba macho.

"Haya, nisimulie. Namba nne alimkaba nani?"