Jino na Uzi

Uvumi wa saluni ulimganda mama kama kupe: fizi zikitoka damu, weka mswaki kando, umung'unye vidonge vya vitamini C mpaka zipone.

Akamshinikiza bintiye, fundi cherehani aliyekuwa akitoka damu fizi, afanye hivyo. Fizi zilipozidi kuvimba, mama akaongeza vidonge.

Leo binti aliinamia gauni jeupe la mteja, akaung'ata uzi aukate kama kawaida yake. Uzi haukukatika. Jino la mbele ndilo lililolegea likalalia mdomo wa chini, damu ikadondokea gauni.

"Mama," akasema, kiganja mdomoni, "na jino nalo linashonwa?"

Mama hakucheka. Kidonge cha mchana kilikuwa kikiyeyuka kwa jasho la kiganja chake.

Daktari wa meno alisema vidonge haviondoi ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, uliojificha chini ya fizi. Kuhusu jino, hakuahidi kitu.

Waliporudi, mama akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika mlangoni pa kibanda cha kushonea:

Usiache mswaki kwa kuogopa damu.
Usifanye vitamini kuwa dawa ya fizi.
Usikate uzi kwa meno.
Usimsikilize mama yako kabla ya daktari.