Difu ya Nguvu

Bi Ashatu, jirani wa ukuta mmoja, alidai kuwa Ausi fundi alihongwa na madereva wa Dar es Salaam ili Salumu ashindwe mbio za magari.

"Ndiyo hivyo!" alisema, ungo wa mchele magotini. "Kabla ya Mapinga Salumu keshawapita wote. Kufika Bunju, njia imenyooka, wanampita mmoja mmoja kama kasimama. Mpwa wangu alikuwapo barabarani, kasema gari lilipita kimya, utadhani linakwenda mazikoni. Pijo ile! Ausi kamfungia difu ya trekta, mwanangu. Kamuuza mwenziwe."

Mwaija, mke wa Salumu, aliendelea kukuna nazi mpaka mbuzi ikagusa kifuu.

Ausi hakuhongwa. Ausi aliombwa, na aliyemwomba alikuwa yeye Mwaija.

Siku chache kabla ya mashindano ya Sabasaba alipeleka chakula gereji, akawakuta Salumu na Ausi wameinamia difu mbili juu ya gunia, vile vyuma vya meno vinavyozungusha magurudumu ya nyuma. Pijo yenyewe ilikuwa juu ya magogo.

"Hii ya nguvu, shemeji," Ausi alimweleza. "Mchangani inavuta kama punda wa chokaa. Lakini njia ikinyooka inapiga makelele tu, mwendo hamna. Hii nyingine ya mbio. Inaanza kivivu. Ikishachanganya, utabaki unatazama vumbi."

"Funga ya mbio," Salumu alisema. "Huo mchanga niachie mimi."

Mshindi angechukuliwa na kampuni moja ya magari ya Nairobi, awe dereva wao. Mji mzima ulikuwa ukimwombea Salumu dua. Mwaija naye aliinua mikono pamoja na wenzake, lakini moyoni hakuitikia amina. Nairobi ilikwisha kumchukua kaka yake. Hata mama yao alipofariki, kaka hakuja.

Kesho yake alirudi gereji peke yake.

"Shemeji, mfungie ile ya nguvu. Asijue."

Ausi alijifuta mikono kwa tambara, akajifuta tena.

"Unajua unaloliomba?"

"Najua. Sitaki aumie. Nataka ashindwe tu, abaki."

"Nenda nyumbani, shemeji."

Hakusema ndiyo wala hapana. Mwaija akaenda zake, na tangu siku ile hakukanyaga tena gereji.

Salumu akashindwa. Alirudi, akaegesha gari uani, akalifunika turubai. Hakulifungua kulitazama, wala hakwenda kumwuliza Ausi hata neno moja. Mwaija akaona ni uchungu. Kila mumewe alipomsifu kwa mchuzi, alisingizia kwenda kuchukua maji.

Mji nao haukunyamaza. Vijana walimbatiza Ausi jina, Bwana Trekta. Mwenye lori la samaki la Mlingotini alikuja akalivuta lori lake kwa kamba, injini ikiwa nusu imefunguliwa. "Nitatengeneza kwingine," alisema, "nisije nikafungiwa jembe."

Halafu yakaja maulidi ya alasiri nyumbani kwa mzee Haji. Mwaija alikuwa upande wa wanawake, akachungulia penye pazia. Wanaume walikuwa wameshazunguka masinia ya pilau. Ausi akanawa, akatafuta penye nafasi, akakaa. Wenziwe wa sinia lile wakanyanyuka mmoja mmoja, huyu anajidai kukohoa, yule anajidai kuitwa, wakaenda kujibana kwenye masinia mengine. Ausi akabaki na sinia zima mbele yake. Akala tonge moja, kwa adabu. Akasema "Alhamdulillahi," akaondoka.

Salumu alikuwa sinia la jirani. Aliinamisha kichwa, mkono ukamkauka na pilau yake.

Mwaija aliachia pazia. Pembeni yake Bi Ashatu alikuwa akicheka. "Umemwona? Hata aibu hana, kaja kula!"

Asubuhi Mwaija alijifunga kanga, akaenda gereji. Ausi alikuwa amekaa bila kazi, amepanga spana zake kwa ukubwa kama mtu anayeuza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kukutaka radhi. Dhambi ni yangu, umeibeba wewe, na mimi nimekaa nyumbani nakutazama. Leo namwambia Salumu. Akitaka kuniacha aniache, lakini watu watajua kuwa hukumuuza."

Ausi aliinuka. Kisha akainama, akavuta gunia lililokuwa chini ya meza, akalifunua. Difu ya nguvu ilikuwa humo, grisi yake imekauka na vumbi, meno yametandwa na utando wa buibui.

"Sikuifunga," alisema. "Salumu alikwenda na ya mbio."

Mwaija alikaa juu ya tairi.

"Sasa walimpitaje?"

"Hata mimi nilikuwa sijui. Jana maulidi yalipokwisha kaja hapa, kasimama hapo hapo uliposimama, kalia kama mtoto." Ausi alilifunika gunia taratibu. "Kufika Bunju aliutoa mguu kwenye mafuta, shemeji, mwenyewe. Kasema akishinda, wewe atakuacha na nani. Nimemwambia anyamaze, haya ya watu nitayastahimili. Nakuomba na wewe, asijue kuwa umejua."

Mwaija alikuwa akitazama gunia.

"Shemeji? Nakuomba."