Kitanda cha Mapema

Tangu watu wote wahamie kwenye magari, sheria ni moja: kila mtu na kitanda chake. Asiye nacho hupelekwa kwenye gari lenye nafasi, awe bibi kizee, awe kichanga cha jana.

Basi Shekue, kwa kiherehere chake, akamtengenezea mwanawe kitanda juu ya kiti cha dereva kabla hajazaliwa. Alipogongomea msumari wa mwisho, gari lenyewe likatuma taarifa: nafasi moja, wazi.

Saa sita mchana mtu akabisha hodi, kakumbatia mto.

"Nimeletwa, kaka. Kitanda kiko wapi?"

"Hicho ni cha mtoto."

"Mtoto yupi?" Mgeni akachungulia ndani kwa adabu zote.

"Nilikuambia subiri nijifungue kwanza," alisema Namkunda, mkewe Shekue, kajishika kiuno.

Mgeni akavua viatu, akapanda, akajikunja kama panzi. "Kifupi kidogo," akasema, "ila nitazoea."

Namkunda akaguna. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Jikaze, mama, usizae kwanza," Shekue akamsihi, huku akipima kwa futi nafasi iliyobaki chini ya jiko. Ilimtosha kuku.

Akachungulia dirishani. Gari lililomleta mgeni lilikuwa bado halijaondoka, likimsubiri asiye na kitanda.