Kaseti ya Ishirini na Tatu

Mzee Kombo alikuwa akihamishia kwenye kompyuta gemu za marehemu mwanawe, Shamte. Kila kaseti aliifungua, akaisafisha kwa spiriti, akabadilisha betri, ndipo akainakili. Ya ishirini na tatu ilipowaka, mkewe Zamda alivuta kiti.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikitukosesha usingizi. Tuone alipofikia."

Kwenye skrini nafasi zote tatu za wachezaji zilikuwa tupu.

"Jina lake liko wapi, baba Shamte?"

Kombo aliitazama betri kuukuu mezani. Ndiyo iliyokuwa imelitunza jina lile, naye ameing'oa mwenyewe, kama zile ishirini na mbili.

"Labda hakuhifadhi."

"Shamte? Hata chungu alikuwa haachi bila mfuniko."

Zilibaki kaseti kumi na nane, betri zake za zamani zikiwa bado ndani.

"Tutaendelea kesho," alisema Kombo.

Zamda aliichukua iliyofuata, akaipakata kwa viganja viwili.