Fangasi Nyuma ya Pua

"Si uvimbe wa ubongo, mzee," daktari alisema akicheka. "Ni fangasi, ilijificha nyuma ya pua ikatuhadaa sote. Tumeikwangua yote. Utawazika wengi wewe!"

Furaha ilimpanda mgonjwa, mtunza ghala, kisha ikazimika. Miaka ishirini alikuwa akipepeta mahindi yenye ukungu bila kitambaa puani. Na asubuhi, kabla ya upasuaji, akiamini hatoki hai, alikuwa amemwungamia mkewe kila kitu: mwanamke wa nyuma ya soko, na mtoto.

Sasa pua imejazwa pamba, mkono una dripu.

Daktari akatoka. Mkewe akaokota viatu vya mumewe chini ya kitanda, akavitia mkobani, akafunga zipu.

"Mungu mkubwa," alisema akisogeza kiti. "Muda tunao, baba watoto. Anza upya. Mtoto anaitwa nani?"